Kutoroka Chumba Tukiwa Tumeketi Mezani: Mchezo wa Mafumbo na Kiswahili cha Nyumbani

Aghalabu tunapozungumzia nafasi ya michezo katika kujifunza Kiswahili, mawazo yetu huenda kwenye vitendawili, maigizo ya darasani na mashindano ya kughani mashairi. Katika makala haya tunakusudia kueleza mchezo wa aina nyingine, ambao umeingia katika nyumba za baadhi yetu miaka hii: mchezo wa mezani wa kutoroka chumba. Ni mchezo uliozaliwa mbali, na sanduku tulilolipata lilikuwa la Kiingereza. Hata hivyo tumeucheza nyumbani pamoja na watoto na wageni, tukaufumua ili tuone umeshonwaje, na hatimaye tukajishonea wa kwetu. Tunadhani walimu wenzetu na wanafunzi wa idara watapenda kujua unavyokwenda, na kwa nini tunaona unakifaa Kiswahili cha Uganda kuliko michezo mingi tuliyoizoea.

Tuanze na asili yake. Mwaka 2004 Mjapani Toshimitsu Takagi alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Crimson Room, ambamo mchezaji anajikuta amefungiwa katika chumba chekundu, naye hana budi kupekua kila pembe hadi apate njia ya kutoka. Mwaka 2007, katika mji wa Kyoto, Takao Kato wa kampuni ya SCRAP aliutoa mchezo wa namna hiyo kwenye kompyuta akauweka mahali halisi, watu wa kweli wakakusanyika kufumbua mafumbo kwa muda maalumu. Jambo hilo lilienea Asia, kisha Ulaya. Budapest, mji mkuu wa Hungaria, ulipata chumba cha ParaPark mwaka 2011, na baada ya hapo vyumba vya mafumbo vikachipuka kama uyoga. Lakini chumba cha namna hiyo kinadai nyumba ya kukodi, vifaa na kiingilio. Ndipo watunzi wa michezo walipojiuliza kama chumba kizima kinaweza kutiwa ndani ya sanduku dogo.

Mwaka 2016 kampuni ya Kosmos ya Ujerumani ilitoa masanduku ya kwanza ya mfululizo unaoitwa EXIT, yaliyotungwa na Inka na Markus Brand, ambao ni mke na mume. Mwaka 2017 mfululizo huo ulipewa Kennerspiel des Jahres, tuzo ya Kijerumani ya mchezo bora wa mwaka kwa wachezaji waliokwisha kuzoea. Mwaka huo huo kampuni ya Space Cowboys ya Ufaransa ilitoa mfululizo mwingine wenye lengo hilo hilo, Unlock!. Tutaeleza zaidi EXIT, kwa sababu ndio tulioucheza kwa makini na ndio uliotufundisha jinsi ya kutunga.

Ukifungua sanduku la EXIT unakuta kijitabu, gurudumu la karatasi ngumu, mafungu matatu ya kadi, na pengine vitu viwili vitatu vya ajabu ambavyo kazi yake haijulikani mwanzoni. Hadithi hueleza kwamba mmefungiwa mahali fulani. Katika sanduku mojawapo la kwanza ni kibanda kilichoachwa porini, katika jingine ni kaburi la Farao. Wachezaji wote wako upande mmoja, na adui wao ni saa. Hakuna mshindi na mshinde miongoni mwa waliokaa mezani: ama mnatoka wote, ama mnabaki wote.

Fungu la kwanza ni kadi za mafumbo. Hizi haziguswi mpaka picha au maandishi yakuonyeshe kwamba umeipata kadi fulani, kana kwamba umeinua zulia ukaiokota chini yake. Fungu la pili ni kadi za majibu, na la tatu ni kadi za madokezo. Kila fumbo lina alama yake, mathalani nyota au mwezi, na jibu la kila fumbo ni tarakimu tatu. Ukidhani umelipata, unazipanga tarakimu hizo kwenye gurudumu chini ya alama inayohusika, na kidirisha kinakuonyesha namba ya kadi ya jibu.

Hapa pana ujanja unaostahili kutazamwa polepole. Tarakimu tatu hutoa namba 1000, kuanzia 000 hadi 999, kwa hiyo mtu anaweza kushawishika kubahatisha. Watunzi walilifikiria hilo. Gurudumu hutoa namba ya kadi kwa kila jaribio, liwe sahihi au la kosa. Kadi hiyo huenda ikakwambia moja kwa moja kuwa umekosea. Huenda pia ikakuonyesha picha za vitu vilivyofungwa, ikikutaka uchague kile chenye alama ya fumbo lako. Unakwenda kwenye kadi ya pili, na ni hiyo ya pili inayofungua mlango au inayokurudisha mezani. Anayebahatisha huzunguka kadi kwa kadi huku dakika zikimwishia. Aliyefikiri hufika. Kwa hiyo hata bila mwamuzi na bila mtambo wowote, karatasi yenyewe inaulinda mchezo usiibiwe.

Jambo jingine litamshangaza msomaji wa kwetu. EXIT huchezwa mara moja tu. Katika kufumbua, mnatakiwa kukata kadi kwa mkasi, kukunja kurasa na kuandika juu yake, na mkimaliza sanduku halifai tena. Sisi tuliolelewa kufunika vitabu kwa magazeti ili mdogo wetu avitumie mwakani tuliona uchungu. Mmoja wetu aliushika mkasi dakika nzima bila kukata. Tunakiri kwamba uhuru huo wa kuharibu ndio unaoyafanya mafumbo yawe mazuri, kwa maana huwezi kujua kama jibu limo ndani ya picha, nyuma yake au katika mkunjo wake. Lakini kwa idara yenye bajeti ya chaki, kitu cha kutumiwa mara moja ni anasa. Unlock! haina tatizo hilo: kadi zake zina namba, na mchezaji huunganisha vitu viwili kwa kujumlisha namba zao, kimoja chenye namba nyekundu na kingine cha buluu, jumla ikawa ndiyo namba ya kadi mpya. Muda huhesabiwa na programu ya simu, na programu hiyo hukupunguzia dakika ukikosea. Hakuna kinachokatwa, ila bila simu hakuna mchezo.

Ama kuhusu idadi ya wachezaji, sanduku husema kuanzia mtu mmoja. Kwa uzoefu wetu mtu mmoja hupata mtihani, na watu sita hupata mkutano ambao wawili wanazungumza na wanne wanakunywa chai. Watatu au wanne ndio kiasi. Mmoja anasoma kijitabu kwa sauti, mwingine anashika gurudumu, mwingine anaandika kila tarakimu inayojitokeza. Kisha wanabadilishana, la sivyo mwenye gurudumu hugeuka kuwa mfalme.

Sasa tuje kwenye lugha. Tulipoketi kucheza na wanafunzi wetu, tuliwaomba jambo moja tu: maandishi ya sanduku ni ya Kiingereza, lakini mazungumzo ya mezani yawe ya Kiswahili. Kilichotokea kilituonyesha pengo ambalo mitihani haituonyeshi. Mwanafunzi anayejua kuchambua kitenzi mofimu kwa mofimu alishindwa kumwomba mwenzake kadi iliyoko upande wa pili wa meza. Alianza, akasita, akanyoosha kidole.

Tukichunguza, tunaona sababu. Katika mchezo huu kila kitu kiko mahali fulani, na mahali ndipo penye siri. Kadi ipo juu ya meza. Nyingine imo ndani ya kijitabu. Ya tatu haijulikani iko wapi. Viambishi vya mahali po, ko na mo, ambavyo mwanafunzi huvijaza katika nafasi zilizoachwa wazi kisha akavisahau, hapa vinabeba uzito, kwa sababu anayesema ufunguo umo sandukuni na anayesema upo sandukuni wanawatuma wenzao kutafuta kwa namna mbili. Vivyo hivyo hii, hiyo na ile: meza yenye kadi 20 zilizotawanyika huwafunza haraka kwamba iliyo karibu nami, iliyo karibu nawe na iliyo mbali nasi sote hazitajwi kwa neno moja.

Halafu kuna maneno madogo ambayo hayana sura katika vitabu vyetu vya sarufi, nayo ndiyo damu ya mazungumzo: hebu, mbona, ati, kumbe. Fumbo likifumbuka, mtu anayekijua Kiswahili hasemi kwamba ametambua jambo. Anasema kumbe. Tulihesabu kumbe ya kwanza ya kweli, isiyoombwa na mwalimu, katika dakika ya 40 ya mchezo, kutoka kwa binti ambaye muhula mzima alikuwa akijibu kwa kichwa. Vilevile mchezo hudai makisio. Tukiigeuza kadi hii huenda namba ikaonekana. Tungeyahesabu madirisha tungepata saba. Hakuna zoezi la ki na nge tunalolijua ambalo humfanya mwanafunzi atake kusema sentensi hizo kabla mwenzake hajazisema.

Kwa nchi yetu hili lina uzito wa ziada. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 serikali iliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo wazazi wengi bado hawakitaki kivuke kizingiti cha nyumba. Sababu inajulikana. Kwa kizazi kizima hapa kwetu, sentensi za kwanza za Kiswahili walizozisikia zilikuwa amri za wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani: toa kitambulisho, kaa chini, lete. Lugha ilikuja ikiwa imevaa sare. Mtoto hawezi kuipenda lugha ambayo mama yake akiisikia hushika moyo, na darasa peke yake, pamoja na juhudi zetu, haliwezi kuifuta kumbukumbu hiyo.

Mezani hali ni nyingine. Hakuna wa kumwamuru mwenzake, kwa sababu aliyeshika kadi yako hajafanya kosa, anaisoma. Kwa hiyo amri huwa dhaifu, na adabu ya lugha huanza kufanya kazi: hebu nione, naomba unipatie, ngoja kwanza tusome tena. Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wetu, aliketi pembeni usiku mzima akidai kuwa hajui Kiswahili. Ilipobaki dakika tano alisogeza kiti na kusema, kwa Kiswahili safi cha pwani alichojifunzia kazini Mombasa ujanani, kwamba picha ile tumeishika kichwa chini miguu juu. Alikuwa na haki. Mwanawe alikuwa hajapata kumsikia akiisema lugha hiyo.

Kuna sehemu moja ya mchezo ambayo kwa Waswahili si ngeni hata kidogo. Mkikwama katika EXIT mnaruhusiwa kufungua kadi za madokezo, tatu kwa kila fumbo: ya kwanza inakueleza unahitaji kuwa na nini, ya pili inakusogeza karibu, ya tatu inatoa jibu. Kila dokezo lililowasaidia linawapunguzia alama, ambazo hutolewa kwa nyota mwishoni. Msomaji atakuwa amekwisha kukumbuka kitendawili. Mtegaji husema kitendawili, wenzake hujibu tega. Wakishindwa, yeye hudai apewe mji, nao hawana njia ila kuutoa, naye husafiri mpaka huko na kusifu alivyopokewa ndipo atoe jibu. Jirani zetu nao wana milango yao ya kuingilia mafumbo: Waganda huanza kwa koyi koyi na kujibiwa lya, na Wanyarwanda kwa sakwe sakwe na kujibiwa soma. Kulipa kwa sababu hukujua, tena kulipa kwa kitu cha kubuni kinachouma kidogo, ni desturi kongwe.

Basi katika mchezo wetu tulifuta nyota tukaweka miji. Dokezo la kwanza linagharimu mji mdogo, la pili mji mkubwa, na la tatu Kampala yenyewe. Msimamizi akipewa mji hana budi kueleza kwa sentensi tatu alivyofika huko na alivyokaribishwa, wenzake wakisikiliza, na muda ukiwa umesimamishwa. Mabadiliko haya madogo yaliongeza uchungu wa kukubali kushindwa kuliko tulivyotarajia. Wanafunzi kutoka Mbale wako tayari kutoa Masaka, Jinja na Gulu, lakini Mbale hawaitoi.

Inafaa tuseme wazi kwamba hatupendekezi kutafsiri sanduku la EXIT. Maelezo yake yanatafsirika, lakini mafumbo mengi ya aina hii hukaa juu ya mgongo wa lugha yaliyotungiwa: herufi iliyofichwa katika neno, neno lenye maana mbili, umbo la tarakimu linalofanana na herufi. Ukilihamisha neno, fumbo hufa njiani. Tena ni utovu wa haki kwa watunzi. Ndiyo maana pia hatujataja hapa jibu lolote la masanduku yao. Kilicho bora ni kutunga, na Kiswahili kina hazina yake ya mitego.

Tutatoa mfano mmoja wa fumbo letu. Kadi inaonyesha vitu vitatu: saa ya ukutani ambayo mshale mfupi uko kwenye 1 na mrefu kwenye 12, ukurasa wa kalenda ambao siku inayofuata Jumatatu imezungushiwa wino, na karatasi yenye maneno kiti, kinyozi, kisu, kiongozi, kikombe na kijana, na chini yake sentensi isemayo: hesabu vilivyovunjika, waache waliovunjika moyo. Mchezaji anatafuta tarakimu tatu.

Anayefikiri kwa Kiingereza huandika 1 kwa saa. Kwa Kiswahili hiyo ni saa saba, na ajabu ni kwamba Mganda hana sababu ya kukosea, kwa kuwa Luganda nayo huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Ni shule iliyomsahaulisha. Kwenye kalenda mambo hugeuka, na Luganda ndiyo inayompoteza. Siku hiyo kwa Luganda ni Lwakubiri, siku ya pili, kwa maana hesabu huanzia Jumatatu. Kwa Kiswahili ni Jumanne, kwa kuwa hesabu huanzia Jumamosi. Kila mwaka tunao wanafunzi wanaoambiwa waje Jumatatu, wakasikia tatu, wakaja Jumatano, ambayo kwao ni Lwakusatu. Katika karatasi ya tatu maneno yote sita huanza kwa ki, lakini vilivyo katika upatanisho wa ki na vi ni kiti, kisu na kikombe tu. Kinyozi, kiongozi na kijana huchukua a na wa. Kwa hiyo jibu ni 7, 4, 3. Aliyepata 1, 2, 6 hukuta bahasha tuliyomwandalia mahususi, iliyoandikwa: umefikiri kwa lugha nyingine, rudi mezani. Neno kiboko tuliliacha makusudi, maana wa mtoni huchukua a, na kile cha mwalimu wa zamani huchukua ki, tukahofia ugomvi.

Mtego mwingine tulioupenda tuliuchukua kutoka Kinyume, ile lugha ya siri ya pwani ambamo silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzo. Barua iliyoandikwa “mataza nichi ya zame” humkosesha raha mtu mpaka aisome kwa sauti, ndipo atazame chini ya meza. Fumbo la aina hii humfundisha mwanafunzi kugawa silabi za Kiswahili pasipo yeye kujua kwamba anafundishwa.

Vifaa ni rahisi. Tulitumia sanduku la viatu, bahasha tisa, penseli, na kufuli la tarakimu tatu la begi la safari, kwa sababu mlio wa kufuli kufunguka hauna mbadala wa karatasi. Badala ya gurudumu tuliandika namba juu ya bahasha, na tukaongeza bahasha za uongo ili anayebahatisha asifaidi. Mafumbo matano kwa saa moja yanatosha. Tulipoweka manane watoto walilala. Fumbo la kwanza liwe jepesi mno, hata kama linamfanya mtunzi aone haya, kwani kundi ambalo halijafungua chochote katika dakika 10 huacha kuzungumza, na likiacha kuzungumza hakuna mchezo. Tena mtunzi asicheze. Akae kimya, apokee miji.

Sanduku letu liko katika kabati la idara, rafu ya chini, pamoja na kanda za zamani za masimulizi. Anayetaka kuliazima kwa jioni moja aandike jina na tarehe katika daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mlango wa kabati, na akilirudisha ahesabu bahasha. Fumbo tulilolieleza hapa tumekwisha kuliondoa na kuweka jingine mahali pake.